Neno Dogo Linalogeuza Maana: Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili



Somo la leo ni la Kiingereza. Tunajua wengine watauliza: sisi Wakongomani tuna Kifaransa cha serikali, tuna lugha nne za taifa, na nyumbani kila mmoja ana lugha ya mama yake, Kiingereza cha nini tena, na katika kijitabu cha mambo ya amani? Jibu tutalitoa kwa kisa kimoja ambacho tulikuwa karibu nacho.

Miaka michache iliyopita, katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani huku kwetu Kivu, tangazo lilibandikwa ubaoni saa za jioni. Lilikuwa la Kiingereza tupu, kwa sababu ofisi iliyolituma ilikuwa na haraka na mtafsiri wake alikuwa safarini. Lilikuwa na sentensi moja: "Thursday's food distribution has been put off." Tarehe mpya haikuandikwa. Watu wakamwita kijana mmoja aliyekuwa amesoma sekondari, wakamwomba awasomee. Neno "put" alilijua: ni kuweka. Neno "off" alilijua kutoka kwenye redio na tochi: ukisukuma kwenye "on" inawaka, ukisukuma kwenye "off" inazimika. Akajumlisha moja na moja, akawaambia: "Mgao wa Alhamisi umezimwa. Hakuna tena."

Usiku ule ule familia kadhaa ziliuza jetoni zao kwa wachuuzi kwa bei ya kutupa, maana jetoni ya mgao uliokufa ni karatasi tu. Jumanne iliyofuata malori yakaingia kambini na unga, maharagwe na mafuta. "Put off" maana yake ni kuahirisha, basi. Waliouza wakadai jetoni zao, walionunua wakakataa, na kijana akashitakiwa kwamba alikula njama na wachuuzi. Usiku mawe yalirushwa juu ya turubai la mama yake. Komite ilikaa vikao vitatu kabla watu hawajakubali kwamba kijana yule hakudanganya, bali alikosea. Na sisi watu wa shirika hatukuwa safi katika jambo hili. Mmoja wetu alipita mbele ya ubao ule jioni ile, akalisoma tangazo, akalielewa, akaenda zake bila kuuliza kama wengine nao wamelielewa.

Ndiyo sababu ya somo hili. Ndugu zetu waliovuka mpaka kwenda Uganda, wakaishi Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja, watoto wao wanasoma kwa Kiingereza. Walioko Nyarugusu nchini Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, wanakutana nacho katika ofisi na katika fomu. Hata sisi tuliobaki nchini, tangu MONUC ilipoanzishwa mwaka 1999 na kuitwa MONUSCO mwaka 2010, tumeona askari wengi kutoka India, Pakistani, Nepali na Afrika Kusini ambao Kifaransa hawakijui. Na nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ambako Kiingereza ni lugha ya kazi. Hatusemi kila mtu awe mwalimu wa Kiingereza. Tunasema kuna sehemu moja ya lugha hiyo inayowaangusha hata waliosoma, na sehemu hiyo inafundishika.

Vitenzi hivi ni nini?

Kiingereza huchukua neno fupi la tendo la kila siku, kama put, take, give, look, turn, call, run, bring, break, kisha hutia nyuma yake neno dogo: up, off, out, in, on, over, down, away, back. Maneno hayo mawili yakikaa pamoja huzaa maana ya tatu, ambayo mara nyingi haimo katika lile la kwanza wala katika lile la pili. "Give" ni kutoa, "up" ni juu. Lakini "give up" si kutoa juu, ni kukata tamaa au kuacha.

Tusiwacheke Waingereza. Na sisi tunafanya hivyo hivyo, ila sisi tunaficha kipande kidogo ndani ya kitenzi, na wao wanakiacha nje. Tazama neno ambalo kila msomaji wetu analijua mwilini mwake: kuhama. Ukihama, unatoka mahali. Ukihamia, unaingia mahali. Herufi moja tu imeingia, na njia imegeuka. Kiingereza kwa kuhama husema "move out", kwa kuhamia husema "move in". Kukimbia na kukimbilia ni vilevile: "run away" na "run to". Kufuata ni "follow", kufuatilia ni "follow up". Tukumbuke hilo la mwisho. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, wahudumu wa afya walizungumza kila siku juu ya "follow-up" ya watu waliokuwa karibu na mgonjwa. Mtu akitafsiri kwamba "watakufuata", hofu inaingia kijijini. Akisema "watafuatilia afya yako siku 21", watu wanaweza kukaa na kusikiliza.

Tuna pia mchezo wa "kula". Mgeni aliyejifunza kwamba kula ni chakula, akisikia kwamba mkuu mpya amekula kiapo, au kwamba fulani wamekula njama, atatafuta sahani iko wapi. "Put off" ilikuwa sahani ya kijana wetu.

Kwa nini aliyesoma Kifaransa anaanguka hapa

Jambo hili tumeliona mara nyingi katika mikutano. Katibu wa komite aliyesoma vizuri kwa Kifaransa anapewa ripoti ya Kiingereza ya kurasa kumi, anaielewa karibu yote. Kisha ofisa aliyeiandika anasimama, anasema sentensi tano tu kwa mdomo, na katibu anabaki ameduwaa. Watu wanadhani ofisa anasema haraka. Haraka ipo, lakini si hiyo peke yake.

Mwaka 1066 watu wa Normandie, ambao walisema Kifaransa cha zamani, waliiteka Uingereza. Kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa, na maneno yake mengi yakabaki katika Kiingereza cha maandishi. Watu wa shamba na wa soko waliendelea na maneno yao mafupi. Kwa hiyo leo Kiingereza kina ghala mbili: moja ya karatasi, ambayo mtu wa Kifaransa anaifungua kwa urahisi, na moja ya mdomo, ambayo imejaa vitenzi vyetu vya maneno mawili. Karatasi husema "tolerate", mdomo husema "put up with". Karatasi "continue", mdomo "go on" au "carry on". Karatasi "abandon", mdomo "give up". Karatasi "refuse", mdomo "turn down". Karatasi "distribute", mdomo "hand out". Na lile tangazo lingeandikwa "postponed", kijana wetu angekumbuka "postposer", neno ambalo katika Kifaransa cha Kongo tunalisikia kila wiki, na hakuna jetoni ambayo ingeuzwa.

Hapo pana faida kubwa kwa msomaji. Ukishindwa na kitenzi cha mdomo, mwombe anayesema akupe kile cha karatasi. Tutarudi kwa hilo.

"Off" si kuzima tu

Tukae kidogo na neno lililoleta ugomvi. "Call off" ni kufuta kabisa: "The distribution was called off", mgao umefutwa. "Put off" ni kusogeza mbele. Ukichukua haya mawili tu kutoka katika somo hili lote, sisi tutakuwa tumeshukuru. Kwa kusaidia kumbukumbu: kinachoitwa "called off" kimeitwa kiondoke, kilicho "put off" kimewekwa kando, bado kipo.

Lakini angalia "go off". Redio au taa ikiwa "goes off", imezimika. Kengele ikiwa "goes off", inalia. Bomu likiwa "goes off", limelipuka. Neno moja, na maana zinapigana. Mtu akija mbio akisema "It went off near the school" na wewe ukafikiri kitu kimezimika, unaweza kuwapeleka watoto kule kule. Anayetaka kusema salama aseme "exploded", ambalo ni karibu sawa na Kifaransa. Na "set off" ina njia mbili: ni kuanza safari, na pia ni kulipua. "They set off at five" ni waliondoka saa kumi na moja. "They set off a bomb" ni walilipua bomu. Hapa jicho litazame kinachofuata nyuma.

Kwa habari ya vilipuzi, kuna maneno mawili ya kufundisha hata watoto: "Stay away!" yaani kaa mbali, na "Don't pick it up!" yaani usikiokote. Na ukisikia askari anapiga kelele "Get down!", hakuambii ushuke kutoka mahali fulani; anakuambia lala chini sasa hivi.

Mbele ya meza ya mahojiano

Hapa ndipo tunapoogopa zaidi, kwa sababu kinachosemwa mbele ya meza kinaandikwa, na kilichoandikwa kinamfuata mtu miaka mingi. Mwenye haki ya kuwa na mkalimani aombe mkalimani. Hata hivyo wako wanaojaribu kujibu wenyewe, na wako wakalimani ambao nao wanabahatisha.

Swali la kawaida: "Who brought you up?" Maana yake ni nani aliyekulea. Fikiri kijana aliyepoteza wazazi, akalelewa na shangazi, naye anasikia "brought" akajua ni kuleta. Anajibu: dereva wa lori. Katika faili yake shangazi hayumo tena, na siku shangazi atakapoomba kuunganishwa naye, karatasi zitasema habari mbili tofauti.

Swali jingine: "Who did you leave behind?" Ni nani aliyebaki kule ulikotoka. Haliulizi ulimtupa nani, ingawa mama wengi huona aibu wanaposikia hivyo. Jibu bila kuogopa.

Juu ya vifo, kuna maneno matatu yanayofanana. "Pass away" ni kufariki, na ni neno la heshima. "Pass out" ni kuzimia. "Pass by" ni kupita mahali. Mjane akisema "My husband passed out in 2012", ofisa anaandika kwamba mume alizimia, na swali linalofuata litakuwa: sasa yuko wapi? Tunashauri neno fupi lisilo na mtego: "He died." Si ukosefu wa adabu mbele ya meza ile.

"Split up" ni kutengana, lakini kwa mume na mke Waingereza hulisikia kama kuachana. Kama mlipotezana njiani wakati wa kukimbia, usiseme "we split up". Sema "we lost each other on the road", na kila mtu ataelewa.

La hatari kuliko yote ni "make up". Lina uso wa kupatana baada ya ugomvi: "They made up", walipatana. Lina uso wa kutunga uongo: "He made up a story", alitunga hadithi. Ofisa akiuliza, "Did you make this up?", anauliza kama umetunga. Mtu aliyejifunza katika semina zetu za amani kwamba "make up" ni kupatana, anaweza kutikisa kichwa kwa furaha na kusema "yes". Kusema kweli, tulipofundisha neno hilo hapo zamani tulifundisha uso mmoja tu. Sasa tunafundisha zote mbili siku moja.

Na tusisahau mlango. "Go back" ni kurudi mwenyewe. "Sent back" ni kurudishwa na mtu mwingine. "Turned back" ni kugeuzwa njiani. "Turned away" ni kukataliwa mlangoni. Kwa Kiswahili mtu huweza kusema "tulirudi" kwa yote manne, lakini mbele ya sheria ya wakimbizi hayo si kitu kimoja. Kama askari walikurudisha mpakani kwa nguvu, usiseme "I went back". Sema "They sent me back."

Fomu zenyewe ni rahisi zaidi. "Fill in" na "fill out" ni kujaza, Waingereza hupenda la kwanza na Wamarekani la pili. "Hand in" ni kupeleka fomu iliyojazwa, na "sign up" ni kujiandikisha.

Katika vikao vya amani

Viongozi, hapa tunawasemesha ninyi hasa, kwa kuwa mara nyingi ninyi ndio mnaokaa katikati ya jamii na wageni.

"We will look into it." Sentensi hii tumeisikia katika kila kikao. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look down on" ni kudharau, na "look into" ni kuchunguza. Tumesikia ikitafsiriwa "tutaangalia ndani", na hiyo haisemi kitu. Tumesikia ikitafsiriwa "tutafanya", na hiyo ni mbaya zaidi, maana baada ya miezi miwili watu wanasema mzungu ametudanganya. Hakuahidi kufanya. Aliahidi kuchunguza, na wakati mwingine hata hiyo ni njia ya adabu ya kufunga kikao. Kiongozi mwenye busara hamwachi hapo. Anauliza: "Who will look into it, and when will you get back to us?" "Get back to us" hapa ni kutujibu, si kurudi kwetu kwa miguu.

"Stand by" ina nyuso mbili, na kati yake pamelala mambo makubwa. "The soldiers stood by us" ni askari walisimama nasi, walitutetea. "The soldiers stood by" bila neno lingine nyuma ni askari walisimama tu wakitazama, hawakufanya kitu. Neno "us", herufi mbili, linatenganisha sifa na mashitaka. Ukitafsiri ushuhuda wa mama aliyeona nyumba yake ikiungua, usilipoteze wala usiliongeze.

Kwa silaha, "lay down arms" ni kuweka silaha chini, na "hand over weapons" ni kuzikabidhi kwa mwingine. Kundi linaweza kuziweka chini leo na kuziokota kesho. Kukabidhi ni hatua nyingine, na katika mazungumzo hatua hizo mbili huwa na siku tofauti. Mtafsiri asizichanganye. "Give up" nayo ina mtego: "They gave up their weapons" ni waliacha silaha zao, "They gave up" ni walikata tamaa, walishindwa. Ukimwambia kijana aliyetoka msituni kwamba "you gave up", umemtukana bila kujua. Na "give in" ni kukubali kwa kusukumwa. Upande mmoja ukiambiwa mbele ya watu kwamba ume-"give in", utasimama na kutoka nje, hata kama karatasi ilikuwa imebaki sahihi tu. Sisi katika tafsiri huchagua "agreed", walikubali, kama msemaji mwenyewe hakukusudia dharau. Kama alikusudia, tunatafsiri alivyosema, kisha tunamwomba mwenyekiti mapumziko mafupi.

"Call on" ni kuomba au kuhimiza kwa sauti ya mamlaka, nalo hulitumia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa katika maazimio yake. Halina uhusiano na simu, wala na "call off". "Break out" ni kuzuka, kwa vita na kwa ugonjwa. Geuza upate "outbreak", mlipuko. "Break down" ni kuharibika kwa gari, na pia kuvunjika kwa mazungumzo, na pia mtu kulemewa na machozi. Hilo la mwisho likitokea katikati ya ushuhuda, haliandikwi "ameharibika".

Mahali pa kutia "it"

Sarufi kidogo, lakini ni tamu. Kwa Kiswahili ukitaka kumwambia mtu ajaze fomu, unasema "ijaze". Hiyo "i" ya fomu imeingia ndani ya kitenzi. Kiingereza hapa kinatufuata: "Fill it in." "It" imekaa katikati, kati ya neno la tendo na neno dogo. Vivyo hivyo "hand it over", ikabidhi. "Put it off", iahirishe. "Call it off", ifute. Usiseme "fill in it", Mwingereza atafikiri kuna kitu cha kumwaga ndani.

Lakini viko vitenzi visivyopasuliwa: "look after them", watunze, "look into it", ichunguze, "put up with it", ivumilie. Kanuni ya kuvitenga ipo lakini ni ndefu, na walimu wenyewe huishia kusema: jifunze kila kimoja pamoja na "it" yake. Nasi tunasema hivyo hivyo.

Na sikio nalo lifundishwe. Kwenye megafoni hutasikia "fill – it – in". Utasikia "filitini", neno moja. "Pick it up" husikika "pikitapu", "call it off" husikika "kolitofu", "hand it over" husikika "handitova". Nguvu ya sauti huangukia neno dogo la mwisho, kwa hiyo hata mengine yakipotea, kamata lile. Jambo la kando: Uganda na Kenya utasikia watu wakisema "I will pick you at two" bila "up". Wanaelewana wenyewe, usiwasahihishe njiani.

Jinsi ya kuuliza bila aibu

Aibu ndiyo inayokula watu. Kijana wetu alijua kwamba hajui, alituambia baadaye, lakini macho mia mbili yalikuwa yanamtazama. Kwa hiyo jifunzeni sentensi hizi kwa moyo. "Sorry, can you use another word?" Tafadhali tumia neno jingine. "Do you mean cancelled or postponed?" Unamaanisha imefutwa au imeahirishwa? "Please write the date." Tafadhali andika tarehe. Tarehe yenye namba haina neno dogo la kugeuza maana.

Katika daftari andikeni kitenzi pamoja na neno lake dogo kama neno moja, na sentensi nzima mliyoisikia, na nani aliisema wapi. Orodha ya "off" peke yake, "up" peke yake, haisaidii sana. Ni kweli "back" mara nyingi huleta kurudi, na "up" mara nyingi huleta kumaliza kabisa, kama "use up", kutumia mpaka kuisha. Ila mmeona "make up" na "bring up" zilikotupeleka.

Katika kambi ile, kijana yule bado aliombwa kusoma matangazo baada ya mambo kutulia, lakini hakusoma tena peke yake. Walikaa watatu: yeye, mwalimu mmoja wa kijiji kilichowapokea, na mama mmoja aliyewahi kuishi Uganda. Wakikosa kukubaliana juu ya neno, tangazo halikusomwa kwa watu. Mmoja alitumwa kwanza kwa wenye kulileta. Na ofisi ile, baada ya kuambiwa, ilianza kuandika Kiswahili juu na Kiingereza chini.

Zoezi

Funika majibu kwa mkono, kisha tafsiri. Mkiwa wawili ni vizuri zaidi.

1. "The meeting with the chief was called off."
2. "Please hand it back on Friday."
3. "The guards stood by while the market burned down."
4. "My mother passed away and my aunt brought me up."
5. "We have run out of medicine. We will look into it."
6. "The two families have made up."

Majibu

Ya kwanza: mkutano na chifu umefutwa, usingoje tarehe nyingine mpaka utangaziwe. Ya pili: tafadhali irudishe Ijumaa. Ya tatu: walinzi walisimama wakitazama soko likiteketea. Aliyeandika "walinzi walilinda soko" arudi kwenye "stand by". Ya nne: mama yangu alifariki na shangazi yangu akanilea. Ya tano: tumeishiwa dawa, tutachunguza jambo hili, na hapa mtu wa komite ainue mkono aulize nani na lini. Ya sita: familia zile mbili zimepatana. Kama ungeona "made it up", na "it" katikati, ingeweza kuwa wametunga.